Nani Alikula Mfupa? Historia ya Nyonga Bandia

Hadithi ya leo ni ndefu kidogo, na kama hapo nyumbani kuna mzee au mama aliyewekewa nyonga bandia, mwite naye aje asikilize, maana inamhusu.

Kuna swali ambalo watu waliobadilishiwa nyonga huuliza mara kwa mara. Chukua mfano wa mama ambaye nyonga yake ilisagika hadi akawa halali usiku. Akapasuliwa, akawekewa nyonga mpya, na sasa miaka minane imepita. Anapanda matatu bila kushikwa mkono, anakwenda sokoni, anachuma majani chai yake mwenyewe. Lakini kila akienda kliniki, daktari humwambia arudi tena apigwe picha ya eksirei. Nauli inamtoka, siku nzima inapotea kwenye foleni, na haumwi popote. Basi anauliza: "Daktari, mimi narudi hapa kutafuta nini?"

Ni swali la haki. Na jibu lake halieleweki vizuri bila kujua jambo lililowasumbua madaktari wa mifupa kwa miaka mingi: mfupa uliokuwa ukitoweka ndani ya paja la mtu asiyeumwa, huku wataalamu wakimkamata mshukiwa asiye na hatia.

Kwanza tuelewane kuhusu nyonga yenyewe. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa kiuno. Kati ya kichwa na kikombe kuna gegedu, laini na lenye utelezi. Gegedu likiisha, mfupa husaga mfupa, na hapo ndipo usingizi hupotea. Katika upasuaji, kichwa kibovu hukatwa. Shina la chuma hutumbukizwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, juu ya shina hilo hukaa kichwa kipya, na kule kwenye kiuno huwekwa kikombe kipya. Shina, kichwa, kikombe. Shika hayo matatu, tutayahitaji.

Majaribio yalianza zamani. Mnamo 1890 na 1891, daktari Themistocles Gluck wa Berlin, Ujerumani, alichonga viungo vya pembe za ndovu na kuwawekea watu ambao viungo vyao vilikuwa vimeharibiwa na kifua kikuu. Ugonjwa ulibaki mle mle ndani, usaha ukatoka, na kazi yake ikasahauliwa. Mwaka 1923 Marius Smith-Petersen wa Boston, Marekani, alijaribu kufunika kichwa cha nyonga kwa kikombe cha glasi. Ndiyo, glasi. Ilivunjika, kama ambavyo hata mtoto angekuambia, na kufikia 1938 akawa amehamia kwenye chuma cha mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1946, ndugu wawili wa Paris, Robert na Jean Judet, wakatoa kichwa cha plastiki ngumu iitwayo akriliki. Kwa muda mfupi watu walifurahi. Kisha vichwa hivyo vikaanza kulika, kuvunjika na kulegea.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja aliyewekewa nyonga ya Judet alimlalamikia daktari wake kule Uingereza kuwa kila akiinama mezani nyonga inalia kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta, hata mkewe akawa hataki kukaa naye chumba kimoja. Daktari mwingine angecheka. Huyu hakucheka. Jina lake John Charnley, mzaliwa wa mji wa Bury katika jimbo la Lancashire, mwaka 1911. Aliisikia ile sauti kwa masikio ya fundi: kitu kinacholia ni kitu kinachokwaruzana, na kinachokwaruzana kwa kila hatua huwa kinavuta na kulisokota shina lililo ndani ya mfupa mpaka lilegee.

Charnley alifanya kazi katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, ambayo hapo awali ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Alitaka vitu viwili. Cha kwanza, kikombe chenye utelezi mwingi iwezekanavyo. Cha pili, njia ya kulishikilia shina ndani ya mfupa lisicheze. Kwa hili la pili, Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno kule Manchester, alimwelekeza kwenye akriliki iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wa meno. Huchanganywa unga na maji yake, hukandwa, husindiliwa ndani ya mfupa, na baada ya dakika chache huwa ngumu kama jiwe. Watu wakaiita simiti ya mifupa. Tafadhali usidhani ni gundi. Hainati. Hujaza tu kila nafasi kati ya shina na mfupa, kama vile simiti inavyojaza shimo la nguzo ya lango.

Kwa kile kikombe, Charnley alichagua Tefloni, ile ile inayopakwa kwenye kikaango ili yai lisishike. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwawekea wagonjwa wapatao 300. Watu waliokuja kwa magongo walirudi nyumbani wakitembea. Mwaka mmoja, miwili, mambo yalikuwa matamu.

Kisha wakaanza kurudi. Kichwa cha chuma kilikuwa kinajichimbia ndani ya kile kikombe laini, mwaka hadi mwaka. Lakini kikombe kulika halikuwa jambo baya zaidi. Charnley alipowafungua alikuta kitu kizito cheupe kama maziwa yaliyoganda kimejaa kuzunguka kiungo, na mfupa wa kando yake umemomonyoka. Unga wa Tefloni ulikuwa umesambaa, na mwili ulikuwa umeukasirikia.

Hapa alifanya jambo ambalo leo lisingeruhusiwa kirahisi. Alijidunga kwenye paja lake mwenyewe vipande vidogo vya Tefloni, pamoja na kipande cha plastiki nyingine aliyokuwa akiichunguza. Baada ya miezi tisa akajipapasa. Pale penye Tefloni palikuwa na vinundu vigumu, vikubwa karibu mara mbili ya kile alichoingiza. Pale penye plastiki ile nyingine hakuhisi kitu. Aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari la Lancet mwaka 1963. Wengi wa wagonjwa wale wa Tefloni aliwapasua tena yeye mwenyewe. Mimi humheshimu Charnley kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi: hakumtuma mtu mwingine kwenda kuonana na watu aliowakosea.

Na ile plastiki nyingine ilitoka wapi? Msikilizaji, ilitoka kwenye viwanda vya nguo. Mnamo Mei 1962 mchuuzi mmoja wa vifaa vya viwandani alifika Wrightington akiuza aina ya polithini ngumu ambayo kule Lancashire ilitumika kutengenezea gia za mitambo ya kufumia nguo. Charnley aliigusa kwa ukucha wa kidole gumba, akaiona haifai, akaenda zake. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, hakukubali. Bosi aliposafiri kwenda Copenhagen, Craven aliifunga ile plastiki kwenye mashine ya kupima kulika, akaiacha ikizunguka usiku na mchana. Charnley aliporudi, mashine ilikuwa imezunguka wiki tatu, na polithini ile ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho Tefloni ililika kwa siku moja. Novemba mwaka huo huo mgonjwa wa kwanza aliwekewa kikombe cha polithini. Vitabu vingi vya historia ya nyonga humtaja Charnley katika kila ukurasa na Craven kwa mstari mmoja. Sijui kama ni haki.

Safari hii Charnley alikuwa ameungua, na aliyeungua huogopa moto. Kwa miaka kadhaa hakutaka nyonga yake iuzwe kiholela, isipokuwa kwa madaktari waliokuja Wrightington wakafundishwa. Aliwaomba pia wagonjwa wake wakubali kwamba siku watakapofariki, nyonga zirudishwe hospitalini zichunguzwe. Wengi walikubali. Nyonga za polithini zilidumu miaka kumi, kumi na mitano, nyingine hata zaidi ya ishirini. Mwaka 1977 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1982 akafariki dunia.

Lakini wakati huo huo, katika miaka ya 1970, upasuaji huu ulipokuwa umeenea Ulaya na Marekani, madaktari walianza kuona kitu cha ajabu kwenye picha za eksirei. Kando ya shina, pale ambapo palipaswa kuonekana mfupa mweupe, palikuwa na mashimo meusi. Mengine madogo kama punje ya mahindi, mengine makubwa kiasi kwamba ukuta wa mfupa ulibaki mwembamba kama ganda la yai. Na wagonjwa wengi hawakuwa na maumivu yoyote.

Wa kwanza kushukiwa walikuwa vijidudu. Vikatafutwa kwenye maabara, havikupatikana. Wa pili ilikuwa saratani. Mwaka 1976 William Harris wa Boston na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wachache ambao mfupa wa paja ulikuwa umeliwa sana kiasi cha kufanana na mfupa wenye uvimbe wa saratani. Walipochukua nyama ya pale na kuiangalia kwa darubini hawakuona saratani. Waliona umati wa seli za kinga, zile ambazo kazi yake ni kumeza uchafu mwilini.

Ndipo macho yote yakageukia simiti. Na usiwalaumu sana, maana ushahidi ulikuwepo. Katika nyama ile kulionekana alama za chembe za akriliki, na simiti iliyozeeka ilionekana kuwa na nyufa. Mwaka 1987 madaktari wawili wa Baltimore, Jones na Hungerford, waliandika makala iliyoutaja ugonjwa huo kwa jina: ugonjwa wa simiti. Jina likashika. Kwani kesi si imekwisha? Ukiondoa simiti, umeondoa ugonjwa.

Kwa hiyo viwanda vilikuwa tayari vikishindana kutengeneza nyonga isiyotumia simiti. Shina lilipakwa vishanga vidogo vidogo vya chuma ili mfupa wenyewe uote na kuingia katikati yake, ulishike kama mzizi unavyoshika udongo. Kikombe nacho kikatengenezwa kwa vipande viwili: ganda la chuma nje, likikazwa kwa skurubu, na plastiki ndani yake. Ulikuwa ubunifu wa kupendeza, na mfupa kweli uliota.

Na mashimo meusi yakarudi. Mwaka 1990 kundi la akina Harris lilieleza kuhusu mashina yaliyokaa imara kabisa ndani ya mfupa, hayajalegea, hayana hata chembe ya simiti, na bado mfupa ulikuwa unaliwa. Pengine yalikuwa mabaya kuliko yale ya zamani. Mshukiwa hakuwepo kabisa mahali pa tukio, na wizi uliendelea.

Aliyekula mfupa alikuwa amejificha kwa sababu alikuwa mdogo mno. Hans-Georg Willert wa Ujerumani na Manfred Semlitsch wa Uswisi walikuwa wamesema tangu 1977 kwamba unga unaotoka kwenye nyonga bandia, ukizidi uwezo wa mwili kuuondoa, hurundikana na kuleta madhara. Lakini sehemu kubwa ya unga wa polithini ni chembe zilizo chini ya elfu moja ya milimita. Darubini ya kawaida haizioni. Chembe kubwa kidogo huonekana tu ukitumia mwanga wa aina maalum, ambapo hung'aa kama vipande vya kioo barabarani usiku. Madaktari walikuwa wakiziangalia bila kuziona, huku alama za simiti zikiwatolea macho.

Sasa sikiliza jinsi mfupa unavyoliwa, maana unga wenyewe hauli kitu. Umewahi kumwona ng'ombe aliyekuwa akilishwa karibu na jaa la takataka, akameza karatasi za nailoni? Zile zilizopigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2017? Tumbo haliwezi kuzisaga, wala hawezi kuzitoa. Karatasi hiyo na kikombe cha nyonga ni jamaa moja, zote ni polithini. Seli ya kinga nayo humeza chembe ya plastiki na kushindwa kuisaga. Inapohangaika hutoa kemikali za kuita msaada. Ikifa, chembe hutoka nzima, na seli nyingine huja kuimeza. Mwito haukomi. Na wanaoitikia mwito huo ni pamoja na seli zenye kazi ya kubomoa mfupa.

Lazima ujue kwamba mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa kila siku, kidogo kidogo, na wabomoaji na wajenzi wako sawa. Hapa wabomoaji huongezeka na wajenzi hubaki nyuma. Maji ya kiungo nayo, kila unapokanyaga, husukumwa kama kwa pampu na kuubeba unga huo hadi popote penye mwanya: kando ya shina, nyuma ya kikombe, ndani ya matundu ya skurubu. Kwa sababu hiyo nyonga zile mpya zisizo na simiti ziliumia zaidi. Zilikuwa na mianya mingi, plastiki ya ndani ilikuwa nyembamba, na mara nyingi ilicheza ndani ya ganda la chuma ikatoa unga mwingine upande wa nyuma. Juu ya hayo, plastiki ya miaka ile iliuliwa vijidudu kwa miale ya gama huku imefungwa pamoja na hewa. Oksijeni iliidhoofisha polepole kabla hata haijafika kwa mgonjwa. Ikikaa stoo miaka mingi, iliharibika zaidi.

Kuna suala jingine la ubunifu ambalo nalipenda kwa sababu unaweza kulipigia hesabu kwenye karatasi. Charnley alichagua kichwa kidogo sana, chenye kipenyo cha milimita 22 hivi, ili kupunguza msuguano. Wengine waliona ni kidogo mno, kinaweza kuchomoka, wakatumia cha milimita 32. Sasa chukua plastiki inayolika milimita 0.1 kwa mwaka, kiasi ambacho kilikuwa cha kawaida. Kichwa cha 22 hutoa unga wa kama milimita za ujazo 39 kwa mwaka. Kichwa cha 32 hutoa 80. Kina ni kile kile, unga ni mara mbili. Mguu mmoja wa mtu anayetembea vizuri hukanyaga kama mara milioni moja kwa mwaka, na gawanyo lake ni mamia ya maelfu ya chembe kwa kila hatua. Hapa nazungumza juu ya hatua moja tu, kutoka kitandani hadi mlangoni zinafika kumi.

Hata ulaini wa chuma ulihusika. Kule Exeter, Uingereza, daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee walitoa mwaka 1970 shina la chuma lililong'arishwa kama kioo. Lilifanya kazi vizuri. Mwaka 1976 uso wake ukabadilishwa ukawa wa kukwaruza kidogo, jambo ambalo halikuonekana kuwa na uzito. Mashina hayo ya kukwaruza yakalegea zaidi na kula mfupa zaidi, kwa sababu shina lilipocheza kidogo tu lilisaga simiti kama msasa. Mwaka 1986 wakarudi kwenye kung'arisha. Miaka kumi, kwa sababu ya msasa.

Nisisahau njia nyingine ya kupoteza mfupa, isiyohusu unga. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin alieleza kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobeba. Aliyewahi kufungwa plasta mkono anajua: ikifunguliwa, mkono umekonda. Mashina makubwa manene ya kobalti na kromiamu yaliubebea mfupa mzigo wake wote, na sehemu ya juu ya mfupa wa paja, ikiwa haina kazi tena, ikawa nyepesi. Baadaye mashina ya titani, chuma kinachopinda zaidi, pamoja na mashina mafupi, yalipunguza tatizo hilo. Tofauti ni kwamba upotevu huu mara nyingi hufika mahali ukatulia. Ule wa unga hautulii maadamu mtu anatembea.

Dawa ya unga ilikuwa kutengeneza plastiki inayolika kidogo. Polithini ikipigwa miale mingi, nyuzi zake hushikana zenyewe kwa zenyewe kama wavu wa mvuvi. Hironobu Oonishi kule Osaka alijaribu mapema miaka ya 1970, na Grobbelaar na wenzake wa Pretoria, Afrika Kusini, waliandika juu ya kazi kama hiyo mwaka 1978, wakati wakubwa wa Boston na Baltimore bado wanaisuta simiti. Haikusikilizwa sana. Karibu 1998 na 1999 plastiki ya aina hiyo, sasa ikipashwa moto baada ya miale ili isiharibiwe na oksijeni, ilianza kutumika kwa wingi. Wagonjwa waliowekewa wamefuatwa miaka kumi, kumi na mitano na zaidi, na mashimo meusi kwao yamekuwa machache sana.

Wengine waliamua kuitupa plastiki kabisa. Pierre Boutin wa Ufaransa alitumia kauri juu ya kauri mwaka 1970, na kauri ina sehemu yake heshimika hadi leo. Wengine wakarudia chuma juu ya chuma, ambayo Kenneth McKee wa Norwich alikuwa ameitumia zamani. Nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy ilitoka 2003, na mwaka 2010 ikaitwa irudishwe kutoka duniani kote, baada ya watu wapatao 93,000 kuwekewa. Unga wa chuma ulikuwa mkali kwa nyama kuliko ule wa plastiki, na kobalti ikapatikana kwenye damu. Waliotoa tahadhari mapema ni pamoja na daftari la taifa la Australia, linaloandika kila nyonga inayowekwa na kila inayotolewa. Sweden ilianza daftari kama hilo mwaka 1979. Jirani zetu wa Malawi walianzisha lao mwaka 2005, nchi isiyo tajiri kutuzidi.

Turudi kwa yule mama. Kwanza aulize aliwekewa nini. Hapa kwetu wazee wengi waliovunjika shingo ya mfupa wa paja huwekewa nusu nyonga, ile ya Austin Moore au ya Thompson, ambayo ni shina na kichwa cha chuma tu. Hiyo haina kikombe cha plastiki, kwa hiyo haina unga wa plastiki. Shida yake ni kusaga gegedu lililobaki. Lakini aliyewekewa nyonga kamili ana kikombe, na hasa kama aliwekewa zamani, au akiwa kijana kwa sababu ya selimundu iliyoua kichwa cha nyonga, miaka ya kutembea iliyo mbele yake ni mingi na unga ni mwingi.

Daktari akiitundika ile picha kwenye taa, huangalia kama kichwa cha chuma bado kimekaa katikati ya kikombe au kimepanda juu. Kikipanda, plastiki imelika. Kisha hutafuta vivuli vyeusi kando ya shina na nyuma ya kikombe, na kulinganisha na picha ya miaka iliyopita. Kwa hiyo picha ya zamani usiitupe wala usiwape watoto wakaichezea. Shimo likigunduliwa likiwa dogo, mara nyingi hutosha kubadilisha ile plastiki ya ndani na kujaza shimo kwa vipande vya mfupa, chuma kikabaki mahali pake. Likigunduliwa siku mfupa umevunjika jikoni mama akigeuka kuchukua sufuria, upasuaji huwa wa saa nyingi, damu nyingi na gharama nyingi, na pengine mfupa wa kushikilia nyonga mpya haupo tena.

Kwa hiyo mama, ukiulizwa kliniki umekuja kutafuta nini, waambie umekuja kuangalia unga. Na uje na ile picha ya mwaka jana.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya vidonda vya miguu kwa wenye ugonjwa wa kisukari. Kwaheri ya kuonana.